Neno Lisilo na Kitenzi: Aposisheni ya Kiingereza na Suala la Dhima

Utangulizi

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vinavyosomwa shuleni aghalabu huitengea aposisheni kurasa chache tu, na kurasa hizo hushughulika zaidi na koma. Mwanafunzi hufunzwa kwamba majina au virai viwili vinavyomrejelea mtu mmoja huweza kuwekwa sambamba, cha pili kikifafanua cha kwanza. Hufunzwa pia kwamba kirai hicho cha pili huzingirwa na koma mbili iwapo kinaweza kuondolewa bila kuathiri utambulisho wa anayetajwa. Baada ya hapo mazoezi hutolewa, koma hutiwa mahali pake, na somo huwa limekwisha. Makala haya yanashikilia kwamba somo hilo huishia pale hasa lilipostahili kuanzia.

Aposisheni ni dai lililovuliwa kitenzi. Anayesema kwamba fulani ni mwongo ametoa hukumu ambayo msikilizaji anaweza kuikubali au kuikataa papo hapo. Anayesema kwamba fulani, yule mwongo, amewasili mjini, ametoa hukumu ile ile, lakini ameifunga ndani ya habari nyingine inayoonekana kuwa ndiyo habari yenyewe. Linalojadiliwa hapa ni nani anayeijibia hukumu ya namna hiyo, na iwapo umbo lake la kisarufi humpunguzia msemaji mzigo wowote. Swali hili linamhusu mhakiki wa fasihi kwa namna ya pekee, maadam sehemu kubwa ya kazi yake ni kuyataja majina ya watu na kuyafuatisha maelezo.

Koma, kibainishi na kirejelewa

Neno lenyewe limetokana na Kilatini, na maana yake ya awali ni kuweka kitu kando ya kingine. Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka wa 1985, waliipa aposisheni kamili vigezo vitatu: kwamba kila kimojawapo cha virai viwili kinaweza kuachwa na sentensi ikabaki kuwa sahihi, kwamba vyote viwili vina uamilifu mmoja katika sentensi, na kwamba kuachwa kwa kimojawapo hakubadilishi kirejelewa. Charles Meyer, aliyechunguza hazina za matini halisi za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani katika kitabu chake cha 1992, alionyesha kwamba mifano mingi haikidhi vigezo hivyo vyote, na kwamba aposisheni ni uhusiano wenye viwango. Huddleston na Pullum (2002) walikwenda mbali zaidi, wakaihesabu sehemu kubwa ya kile kilichoitwa aposisheni kuwa nyongeza tu, yaani kipande kinachoandamana na sentensi bila kuungamanishwa katika muundo wake. Mgogoro huu wa wanasarufi haupuuziki. Iwapo kirai cha pili hakimo katika muundo wa sentensi, basi ni rahisi kudhani kwamba hakimo pia katika yale ambayo msemaji ameyasema.

Tofauti inayofundishwa sana ni ile baina ya aposisheni ya kubainisha na ya nyongeza. Katika "My brother Juma lives in Mombasa" jina Juma huteua ndugu mmoja miongoni mwa kadhaa. Katika "My brother, Juma, lives in Mombasa" ndugu ni mmoja, na jina lake limetajwa kwa kuongezea tu. Hivyo ndivyo vitabu visemavyo. Katika matumizi ya kila siku, wenye ndugu mmoja huziacha koma hizo bila kujali, na hakuna anayewadhania kuwa wana ndugu wengine. Kanuni hii ina nguvu zaidi vitabuni kuliko mitaani.

Jambo lenye uzito zaidi, na ambalo halipewi nafasi ya kutosha, ni kibainishi. Mtu akiandika "Muyaka, a poet of Mombasa" anamtambulisha mshairi kwa msomaji asiyemjua. Akiandika "Muyaka, the poet of Mombasa" amedai mambo mawili zaidi: kwamba msomaji anapaswa kumjua, na kwamba Mombasa ilikuwa na mshairi mmoja wa kutajwa. Neno moja fupi limegeuza utambulisho kuwa tathmini. Kiswahili hakina kibainishi cha aina hiyo. "Muyaka, mshairi wa Mombasa" huyabeba yote mawili bila kuyatenga, na mfasiri anayelipeleka fungu hilo katika Kiingereza hulazimika kukata shauri ambalo mwandishi hakulikata. Kinyume chake, anayefasiri kutoka Kiingereza huifuta tathmini iliyokuwemo, labda bila kutambua kwamba ilikuwemo. Mhakiki anayeisoma tahakiki ya Kiingereza juu ya ushairi wa Kiswahili hana budi kuyakagua maneno haya mawili kwa makini kuliko anavyoyakagua maneno makubwa kama "mapokeo" na "ubunifu".

Fikra mbili katika sentensi moja

Gottlob Frege, katika makala yake mashuhuri ya 1892 juu ya maana na kirejelewa, aliuchunguza mfano wa Napoleon ambaye, kwa kuitambua hatari iliyoukabili ubavu wa kulia wa jeshi lake, aliwaongoza walinzi wake mwenyewe dhidi ya adui. Frege alisema kwamba sentensi ya namna hiyo hueleza fikra mbili: kwamba Napoleon aliitambua hatari, na kwamba aliwaongoza walinzi. Anayeitamka kama dai huwa ameyadai yote mawili kwa pamoja, na iwapo moja ni la uongo, basi sentensi nzima ni ya uongo. Frege aliongeza kwamba msomaji huelekea kudhani fikra ya tatu, kwamba jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Hilo halikutamkwa. Ingawa mfano wake ni wa kishazi, hoja inaihusu aposisheni ya nyongeza bila marekebisho makubwa.

Kwa mujibu wa Frege, basi, dhima ni moja na haigawanyiki. Lakini uzoefu wa mazungumzo unaonyesha kitu ambacho hesabu ya Frege haikukizingatia. Chukua sentensi sahili: Hamisi, mlevi wa mtaa, amefika. Msikilizaji akijibu "Si kweli", amekana kufika kwa Hamisi. Ulevi wake umebaki palepale. Sentensi ikigeuzwa kuwa swali, ulevi haumo katika kinachoulizwa. Ikikanushwa, yaani Hamisi, mlevi wa mtaa, hajafika, ulevi unasalia vilevile. Ili kuupinga, msikilizaji hulazimika kuyasimamisha mazungumzo, aseme ngojeni kwanza, na kuanzisha mada ambayo hakuna aliyekuwa akiizungumzia. Anayefanya hivyo huonekana mkorofi. Christopher Potts, katika kitabu chake cha 2005, aliweka maana za aina hii katika tabaka lake lenyewe, lililo mbali na yale yanayojadiliwa, lakini akasisitiza kwamba msemaji amejifunga nazo kikamilifu.

Nadharia hizi mbili zikiwekwa pamoja, picha inayotokea si ya kumpendeza mwandishi yeyote. Msemaji amejifunga na neno lake kana kwamba amelitamka waziwazi, ilhali gharama ya kulipinga imehamishiwa kwa msikilizaji. Aposisheni haimpunguzii msemaji dhima hata chembe. Inampunguzia tu uwezekano wa kuulizwa. Hapo ndipo suala la kimaadili linapoingia, kwa kuwa ni jambo moja kusema neno ambalo mtu yuko tayari kulijibia, na ni jambo jingine kulisema mahali ambapo anajua hataulizwa.

Yamkini mtu atadai kwamba tatizo hili huisha pindi maelezo yanapokuwa ya kweli. Haliishi. H. P. Grice, katika makala yake ya 1975 juu ya mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba wasikilizaji huchukulia kuwa yanayosemwa yanahusiana na jambo linalozungumzwa. Wakikutana na neno lisilohusika, hawalitupi. Hulitafutia uhusiano wao wenyewe. Mnamo 1989, Profesa Wangari Maathai alipoupinga mpango wa kujenga jumba refu katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wabunge kadhaa waliizungumzia Green Belt Movement kama kundi la wanawake walioachika. Kwamba Wangari Maathai mwenyewe alikuwa ametalikiwa miaka kumi hivi kabla ya hapo ni kweli, na lilikuwa jambo la wazi. Hakuna aliyeeleza talaka inahusiana vipi na bustani. Hapakuwa na haja ya kueleza, kwani kazi hiyo iliachiwa wasikilizaji. Neno la kweli lililowekwa kando ya jina la mtu katika mjadala usiolihusu laweza kumdhulumu kuliko uongo, maadam uongo angalau unaweza kukanushwa.

Mahakama na maelezo ya uongo

Wanasheria wa Kiingereza walikabiliana na suala hili zamani, tena kwa sababu zisizo za kifalsafa. Watu huandika wasia wakiwataja warithi wao kwa jina na kwa maelezo: mpwa wangu fulani, mwana wa fulani, mkazi wa mahali fulani. Ikitokea kwamba jina ni sahihi lakini maelezo yana kosa, je, mrithi apoteze haki yake? Kanuni waliyoirithi kutoka sheria ya Kirumi ni kwamba maelezo ya uongo hayadhuru pale ambapo anayekusudiwa anajulikana bila shaka, na Francis Bacon aliiandika kanuni ya namna hiyo katika mkusanyo wake wa misingi ya sheria mwishoni mwa karne ya kumi na sita. Kwa lugha ya sarufi, mahakama iliyahesabu maelezo kuwa aposisheni ya nyongeza: yanaweza kuondolewa na kirejelewa kikabaki.

Lakini katika kesi ya Kennell dhidi ya Abbott ya mwaka wa 1799, mahakama ilikuta kikomo cha kanuni hiyo. Mwanamke alikuwa amemwachia urithi mtu aliyemwita mumewe. Kumbe mtu huyo alikuwa na mke mwingine aliyekuwa hai, na alikuwa amejifanya mume halali kwa hila. Jina lilikuwa sahihi, na hapakuwa na shaka ni nani aliyekusudiwa. Hata hivyo urithi ulibatilishwa. Sababu ni kwamba neno "mume" lilikuwa limefanya kazi zaidi ya kumtambulisha mtu. Ndilo lililoutoa urithi. Aliyelitwaa kwa udanganyifu hakuweza kufaidika nalo.

Uamuzi huu una manufaa kwa mhakiki kuliko nadharia nyingi za fasihi. Unaelekeza kuuliza, kila maelezo yanapoandama jina, iwapo yanamtambulisha mtu au yanatoa sababu ya kumtendea. Maelezo ya aina ya kwanza yakikosewa, kosa ni la kusahihishwa. Ya aina ya pili yakikosewa, chote kilichojengwa juu yake kimeanguka. Koma haiwezi kuzitofautisha aina hizi mbili, na wala sarufi yenyewe haiwezi.

Beowulf: mshairi asiyekata hukumu

Hadi hapa aposisheni imeonekana kama hila. Kuna upande mwingine, na hakuna matini ya Kiingereza inayoudhihirisha vizuri kuliko utenzi wa Beowulf, wenye mistari 3182, uliohifadhiwa katika mswada mmoja tu wa karibu na mwaka wa 1000 ambao ulinusurika moto wa 1731 ukiwa umeungua kingo. Kiingereza cha Kale kilipenda mno kulitaja jambo moja mara mbili au tatu mfululizo kwa majina tofauti, bila kiunganishi. Beowulf anapoinuka kuzungumza, mara nyingi jina lake hufuatwa na la babake: mwana wa Ecgtheow. Mfalme ni mfalme, kisha mlinzi wa watu, kisha mtoaji wa hazina. Wahakiki wa awali waliiona tabia hii kama pambo, au kama mbinu ya kulijazia vina vya mwanzo mstari usiotosha.

Fred Robinson, katika kitabu kifupi alichokichapisha mwaka wa 1985 juu ya mtindo huu, alikuwa na rai nyingine. Mshairi alikuwa Mkristo akiwasimulia Wakristo habari za mababu wapagani. Alitaka kuwasifu, lakini imani yake haikumruhusu kudai kwamba walikuwa wameokoka, na mapenzi yake hayakumruhusu kuwahukumu. Robinson alionyesha kwamba aposisheni ndiyo iliyompa njia. Maneno kadhaa ya kumtaja Mungu, mathalani "metod", yalikuwa na maana ya kale iliyohusu majaliwa kabla ya kuvishwa maana ya Kikristo. Mshairi aliyaweka maneno hayo sambamba na mengine, asitamke ni maana ipi inayotawala, na kumwachia msikilizaji ayashike yote mawili: alichokielewa mhusika, na anachokielewa mwumini. Kukosekana kwa kitenzi, ambako katika mfano wa Hamisi kulikuwa njia ya kupenyeza hukumu, hapa ni njia ya kuizuia.

Rai ya Robinson inavutia, ingawa haikosi udhaifu. Inamtegemea sana msikilizaji mwerevu, na inadhani kwamba maana ya kale ilikuwa bado hai masikioni mwa watu. Hata hivyo kuna neno moja linaloipa nguvu kuliko hata mifano ya kidini. Neno hilo ni "aglæca". Hutumika kumtaja Grendel, zimwi linalowala watu katika ukumbi wa mfalme. Hutumika kulitaja joka. Hutumika pia kumtaja Sigemund, shujaa wa kale anayesifiwa ndani ya utenzi. Na karibu na mwisho, Beowulf na joka wanapokabiliana, linatumika katika wingi kuwataja wote wawili kwa pamoja. Nje ya utenzi, mtawa Byrhtferth, mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, alilitumia katika aposisheni safi kabisa kando ya jina la Beda, mwanahistoria na mtakatifu, akimwita mwalimu wa sifa hiyo. Ni wazi kwamba neno lenyewe halikuwa na maana ya uovu, bali ya kuogofya au kustaajabisha kwa nguvu.

Hata hivyo Klaeber, ambaye hariri yake ya 1922 ndiyo iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi, alilipa katika faharasa yake maana mbili: dubwana pale anapotajwa Grendel, na shujaa pale anapotajwa Beowulf. Wafasiri wengi walifuata. Neno moja la mshairi likawa maneno mawili, na hukumu ambayo hakuitoa ikatolewa kwa niaba yake.

Aliyedhurika zaidi ni mamake Grendel. Hana jina katika utenzi wote. Hujulikana kwa uhusiano wake na mwanawe tu, kana kwamba yeye ni aposisheni iliyokosa jina la kuandama. Anapoingia kwa mara ya kwanza, mshairi anaweka kando ya utajo huo maneno mawili. La kwanza ni "ides", ambalo katika utenzi huo huo humtaja malkia Wealhtheow na binti mfalme Hildeburh: mwanamke wa heshima. La pili ni "aglæcwif", yaani lile neno la kuogofya likiwa limeunganishwa na neno la mwanamke. Hakuna kitenzi. Hakuna kiunganishi cha "lakini" wala cha "ingawa". Mswada haukuwa na koma. Koma zilizomo katika matoleo ya leo zilitiwa na wahariri. Msikilizaji wa zamani alisikia mwanamke wa heshima na mwenye kuogofya, akamwona mama aliyekuja kulipiza kisasi cha mwanawe katika jamii ambayo kisasi kilikuwa ni sheria. Msomaji wa tafsiri nyingi za karne ya ishirini alikuta dubwana la kike, na lile neno la heshima likiwa limefifishwa au limemezwa na jirani yake. Christine Alfano, katika makala ya 1992, alionyesha jinsi wafasiri na watunga kamusi walivyoshirikiana kumnyima mwanamke huyu ubinadamu ambao mshairi alikuwa amemwachia.

Hapa wafasiri hawakusema uongo. Walifanya kile ambacho kila msomaji hutamani kufanya anapokuta majina mawili yasiyopatana yamewekwa bega kwa bega, yaani kulichagua moja liwe mwenyeji na jingine liwe mgeni. Lakini uadilifu wa mshairi ulikuwa katika kutochagua. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba aposisheni ni hila ya kupenyeza hukumu. Panapokuwa na kirai kimoja tu kando ya jina, hukumu hupenyezwa. Panapokuwa na viwili vinavyokinzana, hukumu hurejeshwa kwa msikilizaji, na gharama inayomwangukia safari hii ni ya kufikiri.

Kutoka Kapenguria hadi Nyeri

Kiingereza kilipokuwa lugha ya serikali na mahakama nchini Kenya, tabia zake za kisarufi zilikuja nacho. Mwezi wa Mei 1960, Gavana Patrick Renison alitoa tamko akimwelezea Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953, kuwa kiongozi wa kuwapeleka Waafrika gizani na mautini. Tamko hilo limekumbukwa kwa ubaya wake. Hata hivyo, kwa kipimo cha makala haya, lilikuwa na sifa moja: Renison alilisema kwa sentensi kamili. Alidai waziwazi, na kwa hiyo aliweza kujibiwa waziwazi. Alijibiwa na umma, na alijibiwa na matukio: Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na kufikia Juni 1963 alikuwa Waziri Mkuu. Maneno yale sasa huandama jina la Kenyatta vitabuni kama aposisheni, lakini takriban kila mara yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Alama hizo hufanya kazi ambayo koma haiwezi: humrudishia Renison mali yake.

Dedan Kimathi hakupata bahati ya kushtakiwa kwa sentensi kamili. Katika Kiingereza cha serikali ya wakati wa Hali ya Hatari, jina lake liliandamwa mara kwa mara na maelezo ya kuwa kiongozi wa magaidi. Alikamatwa Oktoba 1956 na kufikishwa mbele ya mahakama mjini Nyeri mwezi uliofuata. Mashtaka hayakuwa ya ugaidi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo, na alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Maelezo yaliyoandama jina lake hayakuwahi kuwekwa kizimbani. Hapakuwa na wakati ambapo mwendesha mashtaka alilazimika kuyathibitisha, wala wakati ambapo mshtakiwa aliitwa kuyakanusha. Yalikuwa kando ya jina, yakiwasubiri wasomaji wa magazeti. Kwa lugha ya kesi ya 1799, hayakuwa maelezo ya kumtambulisha mtu. Yalikuwa sababu ya kumtendea.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoandika tamthilia yao juu ya kesi hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1976, waliliweka neno la kesi katika anwani yenyewe, na jina la Kimathi likasimama bila sifa yoyote kando yake. Uamuzi huo unafaa kutofautishwa na tabia iliyoenea baadaye ya kulibadilisha neno moja kwa jingine. Marufuku ya chama cha Mau Mau, iliyowekwa mwaka wa 1950, iliondolewa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2007 sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katika barabara inayoitwa kwa jina lake jijini Nairobi. Tangu hapo "mpigania uhuru" huandama jina lake kwa urahisi ule ule ambao "gaidi" ililiandama. Inaweza kusemwa, na kwa haki, kwamba maelezo ya pili ni ya kweli na ya kwanza ni ya kashfa. Lakini mwanafunzi anayeyapokea ya pili bila kitenzi hajajifunza lolote ambalo lingemkinga na ya kwanza. Msomi anayeamini kwamba Kimathi alikuwa mpigania uhuru hana sababu ya kuogopa kulisema jambo hilo katika sentensi kamili, na kuleta ushahidi wake, ambao upo.

Mtu anaweza kuuliza iwapo dawa ni kuyaacha majina matupu. Jina tupu lina dhuluma zake: humwacha nje msomaji asiyejua, na huwapendelea wanaojulikana tayari. Mamake Grendel anatukumbusha pia kwamba si kila mtu ana jina la kuachwa tupu. Kumbukumbu za kesi ya Nyeri, zilizochapishwa mwaka wa 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur, zinafaa kusomwa kwa kuzingatia jambo hili. Makarani wa mahakama za kikoloni walikuwa na mazoea ya kumwandikia mshtakiwa wa Kiafrika, baada ya jina lake, herufi mbili za Kiingereza zilizotengwa kwa mkwaju, "s/o", kisha jina la babake. Mazoea hayo yalikuwa ya dharau kwa kiasi fulani, kwani Mzungu hakuandikwa hivyo. Lakini kwa maelezo hayo mafupi, mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya bastola na risasi alitajwa kwa namna ile ile ambayo mshairi wa Kiingereza cha Kale alimtaja Beowulf mara nyingi alipoinuka kusema: Kimathi, mwana wa Wachiuri.